Kamati Isivunjwe Mapema

Wiki moja au mbili baada ya harusi, wanakamati hukutana kwa mara ya mwisho kula mbuzi. Mhazini anasoma mapato na matumizi, mwenyekiti anawashukuru waliotimiza ahadi na kuwakumbusha kwa upole ambao bado, maharusi wanatoa shukrani zao, kisha katibu anafunga daftari. Tunaita kuvunja kamati. Kundi la WhatsApp lililokuwa halilali linanyamaza, na watu wanaanza kujiondoa mmoja mmoja.

Kwa maharusi wanaohamia Tabata au Moshi, sina neno na utaratibu huo. Nawazungumzia wale ambao ndoa ikishafungwa, mmoja anarudi Ulaya au Marekani alikotoka na mwenzake anabaki kusubiri karatasi za kumfuata. Hao kamati yao inavunjwa siku ile ile kazi inapoanza. Nimekuwa katibu wa kamati za namna hiyo katika ukoo wetu, na zinaongezeka, kwa sababu watoto wetu wako Birmingham, Minneapolis, Toronto na Muscat, na bado wanarudi nyumbani kuoa na kuolewa. Ninachotaka kusema ni kimoja. Akili na fedha tunazozimimina kwenye usiku mmoja wa ukumbini zigawanywe, na kamati ibaki hai mpaka bibi harusi amefika anakokwenda. Nikisema bibi harusi simsahau bwana harusi, maana siku hizi wapo wanaume wengi wanaowafuata wake zao.

Anayedhani Waswahili hatujui kupanga jambo, ahudhurie kikao cha kamati ya harusi. Kikao kinafunguliwa kwa sala, kumbukumbu za kikao kilichopita zinasomwa, yatokanayo yanajadiliwa. Mtu wa chakula anabanwa aseme sahani moja ni shilingi ngapi na soda zimo au hazimo. Mtu wa mapambo anaulizwa maua ni ya kitambaa au ya bustanini. Kuna anayesimamia matarumbeta, kuna anayesimamia gari la maharusi, na kuna yule mama mmoja, kila kamati inaye, ambaye kazi yake ni kupigia simu waliotoa ahadi, na neno “mwisho wa mwezi” halimpiti bila kuuliza mwisho wa mwezi upi. Watu wenye mishahara ya kawaida kabisa, wakisaidiwa na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao, wanakusanya mamilioni ndani ya miezi michache bila mkopo wa benki. Sijui taasisi nyingine hapa nchini inayofanya hivyo kwa uhakika huo. Na katika vikao vyote hivyo, mara nyingi hakuna anayenyoosha mkono kuuliza: viza italipiwa lini, na kwa fedha ipi?

Tuchukue Uingereza, ambako nimeufuatilia utaratibu pamoja na familia. Mtu mwenye uraia au ukaazi wa kudumu wa kule anayetaka kumleta mwenza wake, kwa kawaida anatakiwa athibitishe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya Aprili 2024 kiwango kilikuwa pauni 18,600. Kijana aliyeposa akiwa anatimiza sharti, akavuta mwaka mzima akisubiri ukumbi mzuri upatikane, aliamka akakuta hatimizi tena. Kwa viwango vya 2025, ombi la viza ya mwenza linalotumwa kutoka nje lilikuwa pauni 1,938. Juu yake kuna ada ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa mwaka. Kwa kuwa viza ya kwanza ni ya miezi 33, mwombaji anatozwa kama miaka mitatu, yaani pauni 3,105, na zote zinalipwa kwa mkupuo siku ya kutuma maombi. Jumla ni pauni 5,043. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 15, kabla hujagusa nauli, kipimo cha kifua kikuu, mtihani wa Kiingereza na tafsiri ya vyeti. Ombi likikataliwa, ada ya afya inarudishwa lakini ya viza hairudi. Likikubaliwa, miezi 33 ikiisha kuna kuongeza muda kwa ada nyingine.

Milioni 15 ni harusi nzima ya watu wa kipato cha kati hapa mjini. Familia ambayo imeweza kuzipata mara moja inaambiwa izipate tena, safari hii bila kadi, bila kamati na bila yule mama wa kufuatilia ahadi. Mzigo wote unaachwa kwa bwana harusi, ambaye ametoka kulipa mahari, tiketi yake na suti za wasimamizi.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimu binti mmoja wa ukoo wetu, Mbagala, miezi kadhaa baada ya harusi yake. Mume alikuwa amesharudi kazini Uingereza, likizo ilikwisha. Nilimkuta kwenye chumba chake kile kile cha usichana. Seti za vyombo vya udongo zilikuwa zimepangwa ndani ya maboksi hadi usawa wa dirisha. Jiko la gesi lilikuwa bado na karatasi zake. Kulikuwa na blenda, pasi mbili, mashuka yaliyofungwa utepe, na friji iliyovikwa nailoni imesimama koridoni, mdogo wake akipita kwa ubavu. Hivyo vyote ni vya kicheni pati. Walimpa watu waliompenda, na baadhi yao nawajua walivyojinyima. Ndege itamkubalia sanduku la kilo 23, pengine mawili.

Hakunilalamikia vyombo. Aliniambia, “Shangazi, kila ninayekutana naye njiani ananiuliza naondoka lini. Nimeacha hata kwenda kwaya.” Nikaelewa. Alishaagwa. Mama yake alishalia mbele ya watu, wajomba walishatoa maneno ya wosia, mtaa mzima ulishamsindikiza kwa vigelegele. Sasa yuko pale pale, anachota maji kwenye lile lile pipa, na hakuna anayejua amweke upande gani. Majirani wanaanza kunong’ona kwamba mume amemkimbia. Ombi lake la viza lilikuwa halijatumwa kwa sababu fedha haijatimia, na kule hesabu ya wiki 12 ambazo ndizo muda wao wa kawaida wa kutoa jibu haianzi mpaka ombi lifike. Kamati yake ilikuwa imeshavunjwa, na kilichobaki kwenye mfuko wake kilikuwa kimeshanunuliwa mbuzi.

Hapo ndipo nilipoamua kuandika makala hii. Yule binti hakukosa watu. Alikuwa nao zaidi ya mia mbili ukumbini.

Kazi ianze mapema zaidi, kwa mshenga. Toka zamani mshenga anauliza na kuulizwa ukoo, dini, tabia na kazi. Kijana akiwa anaishi nje, kuna swali linalostahili kutangulia mahari: anaishi kule kwa karatasi ya aina gani? Wazazi wengi wanaona haya kuliuliza, kana kwamba ni kumshika mtu mfukoni, na haya hiyo inawagharimu watoto miaka. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa kigeni Uingereza hawezi kuchukua mke au mume na watoto, isipokuwa yule wa shahada ya utafiti au mwenye ufadhili wa serikali. Aliyeingia tangu Machi 11, 2024 kwa viza ya kuhudumia wazee na wagonjwa naye haruhusiwi. Muuguzi anaruhusiwa. Vijana wawili wanaweza kufika kwenu wote wakasema “nafanya kazi ya afya Uingereza”, wote wakasema kweli, na mmoja tu ndiye anayeweza kuondoka na binti yenu.

Marekani nako kuna mtego ambao sherehe zetu zinauchochea. Raia wa kule anaweza kumwombea mchumba wake viza ya kwenda kufunga ndoa huko, na ndoa hiyo lazima ifungwe ndani ya siku 90 tangu mchumba aingie nchini. Sharti la viza hiyo ni kwamba hawajaoana. Sasa familia inaona aibu binti aondoke “bure”, inafanya nikaha ya nyumbani au sendofu yenye shela, keki na pete, picha zinasambaa mitandaoni, na ofisa wa ubalozi anazitazama na kuuliza: hawa si wameshaoana? Akiamini hivyo, ombi la mchumba linaanguka, na inabidi kuanza upya kwa njia ya mke. Njia zote mbili ni halali. Lakini lazima moja ichaguliwe kabla ya kadi kuchapwa, na sherehe ipangwe kufuata njia iliyochaguliwa.

Kalenda nayo inatupiga chenga. Mtoto aliye nje anapata likizo ya wiki tatu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa, na kanisani kuna matangazo ya Jumapili tatu. Ndiyo likizo yote hiyo. Taarifa lazima itolewe bwana harusi akiwa bado hajapanda ndege, vyeti vyake viwe vimetangulia, na kama aliwahi kuoa kule, talaka au cheti cha kifo kiwe mkononi. Kisha ndoa ikifungwa Jumamosi, cheti kifuatiliwe Jumatatu. Nimeshaona cheti cha ndoa kinakaa kwenye droo ya ofisi ya parokia wiki nyingi kwa sababu kila mtu alidhani mwingine amekichukua, wakati video ya harusi ilikuwa imeshafika ikiwa imehaririwa na muziki juu yake. Cheti kikiwa cha Kiswahili kinahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Cheti cha kipimo cha kifua kikuu kinadumu miezi sita, kwa hiyo ukipima mapema mno utapima tena. Mtihani wa Kiingereza kwa ombi la kwanza ni wa ngazi ya chini kabisa, A1, na mwenye shahada aliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuithibitisha badala ya kufanya mtihani. Wajerumani nao, kwa sehemu kubwa ya waombaji, wanataka A1 ya Kijerumani kabla ya viza, na hiyo haipatikani kwa wiki tatu. Binti anayeolewa Ujerumani aanze darasa siku barua ya posa inapojibiwa.

Halafu majina. Naomba msomaji mwenye binti au kijana wa kuoa amwite sasa hivi, waweke mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule na pasipoti, wasome herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Zainabu Saidi, cha kidato cha nne Zainab Said, na kitambulisho kimeongeza jina la babu ambalo halimo kwingine. Hapa nyumbani sote tunajua ni Zainabu yule yule. Ofisa aliyeko maelfu ya kilomita hamjui, na anachoona ni watu watatu. Hati ya kiapo kwa wakili inamaliza sehemu kubwa ya tatizo hilo, ikifanywa mapema. Wengine hawana cheti cha kuzaliwa kabisa na inabidi waanzie RITA kwenye usajili wa waliochelewa. Na kwa mabibi harusi wanaotamani kuchukua jina la mume mara moja, ushauri wangu ni msubiri. Ombeni viza kwa jina lililomo kwenye pasipoti mliyonayo, jina jipya litawakuta huko huko.

Kama ndoa inahamisha na mtoto aliyezaliwa kabla, kazi inakuwa nzito zaidi, na ndiyo kazi inayofichwa kuliko zote. Kwenye sherehe mtoto huyo anavishwa gauni jeupe na kubeba maua. Kwenye vikao hatajwi. Uingereza, mzazi anayehamia kwa mwenza mpya huku mzazi mwingine wa mtoto akibaki hapa, kwa kawaida lazima aonyeshe kwamba ndiye pekee mwenye jukumu la malezi: nani analipa ada, nani anampeleka hospitali, nani huamua shule. Ushahidi huo ni barua za mwalimu, risiti na kadi za kliniki, na unakusanywa kwa miezi. Baba wa mtoto akiwapo, ridhaa yake ya maandishi inatafutwa kwa heshima, na anayefaa kwenda kuitafuta ni mzee wa kamati, kwa kuwa bwana harusi mpya hawezi. Nimeona jambo hili likikwama kwa sababu ya hasira ya miaka mitano iliyopita, na mjomba mmoja akalimaliza kwa kukaa barazani kwa yule baba alasiri moja, wakanywa kahawa, wakakubaliana mtoto atazungumza naye kwa simu kila Jumapili. Hakuna wakala wa viza anayeweza kuifanya kazi hiyo.

Nije kwa makungwi na masomo, ambao nawaheshimu sana. Bibi harusi anafundwa usafi, mapishi, lugha ya kumsemesha mume na kumsetiri, na mambo ya chumbani. Mafunzo yote hayo yanadhani kitu kimoja: kwamba mambo yakiharibika, kuna mlango wa shangazi wa kugonga, kuna wazee wa kukalisha kikao. Anayekwenda ng’ambo hana mlango huo.

Historia yetu wenyewe inalo somo hili. Seyyida Salme, binti wa Sultani Said, aliondoka Unguja mwaka 1866 kwa siri, akafunga ndoa Aden mwaka uliofuata na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu. Salme akabaki na watoto watatu wadogo, katika lugha aliyoijifunza ukubwani na baridi ambayo mwili wake haukuizoea, bila ndugu hata mmoja wa kukaa naye eda. Mwaka 1885 alipokuja Unguja kudai urithi wake, kaka yake Sultani Barghash hakumpokea. Aliondoka bila baraka za ukoo, na ukoo haukuwa upande wake alipouhitaji. Tunamsoma kama mtu wa ajabu wa kasri, lakini wapo mabinti wa Temeke na Kisumu walio leo katika ghorofa za Ulaya wanaoyajua maisha yale ya mjane wa Hamburg vizuri kuliko mwanahistoria yeyote. Na hao sisi tuliwaaga kwa matarumbeta. Baraka walipewa, watu wa kuwashika mkono hawakupewa.

Kwa hiyo kungwi wa siku hizi aongeze masomo. Pasipoti yako inakaa kwako. Tangu mwishoni mwa 2024 Uingereza imeachana na kadi za ukaazi za plastiki, na hadhi ya mtu iko mtandaoni, kwenye akaunti inayofunguliwa kwa barua pepe na namba ya simu. Ninawajua wanawake ambao akaunti hiyo ilifunguliwa na mume kwa barua pepe ya mume, kwa nia njema kabisa, na wao hawana nenosiri. Mwanamke huyo hawezi kumwonyesha mwajiri kwamba anaruhusiwa kufanya kazi mpaka mume awe na nafasi. Barua pepe iwe ya bibi harusi, na aifungue yeye mwenyewe kabla ya harusi. Afungue akaunti yake ya benki akifika. Ajue kuwa namba ya dharura ni 999. Na ajue, ingawa hakuna anayependa kulisema kwenye nyumba ya furaha, kwamba mwenza aliyeingia Uingereza kwa viza ya ndoa, ndoa ikavunjika kwa sababu ya ukatili, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa haki yake mwenyewe, na anaweza kuomba kibali cha miezi mitatu cha kupata msaada wa serikali wakati anajipanga. Wapo wanaovumilia kipigo wakiamini kwamba wakitoka tu nje ya mlango watapandishwa ndege. Somo anayemfundisha mwari kuvumilia amfundishe na hili.

Najua pingamizi, maana nimelisikia kikaoni kutoka kwa mzee ambaye maneno yake siyapuuzi. Alisema, “Mchango wa harusi ni deni. Nilimchangia mwanao nikala pilau yako, nawe umchangie wangu ule yangu. Viza ni mambo ya mtu na mkewe.” Ana hoja. Mchango unaishi kwa sababu unaonekana: mtu ametoa, ameingia ukumbini na kadi yake, amekaa, ameonwa. Ukimwambia fedha yake imekwenda kwenye ada ya serikali ya watu wengine, ataona kapoteza. Na kuna jambo zito kuliko fedha. Kwa anayehamia mbali, harusi ndiyo siku ambayo bibi yake aliyetoka Rombo au Pemba kwa basi na boti atamwona, na wote wawili wanajua huenda ni mara ya mwisho. Anayeniambia tuifute sherehe hiyo ili tulipe viza hatanishawishi kamwe.

Lakini ukumbi wa watu 400 haukuwekwa kwa ajili ya bibi wa Rombo. Bibi anatosha kwenye uwanja wa nyumbani, chini ya turubai, na anamwona mjukuu wake kwa karibu zaidi. Ninachopendekeza ni uwazi: kadi ya mchango iseme tangu mwanzo kwamba fedha ni ya harusi na safari, bajeti iwe na fungu la safari lenye kiasi chake, na mhazini alitolee taarifa kama anavyotolea taarifa ya chakula. Mtu akijua anachangia nini, hatadai kwamba katapeliwa. Kinamama wa kicheni pati nao wakumbuke nia ya shughuli yao: ni kumwashia binti jiko. Jiko la huyu liko Birmingham. Bahasha itamfikia huko, friji haitafika.

Yapo na mambo ya kubaki nyuma. Laini ya simu isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na ndiyo inayopokea namba za siri za benki. Kama kuna kiwanja, ijulikane kiko kwa jina la nani na nani amepewa hati ya uwakilishi, kwa sababu Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na asiye raia hawezi kumiliki ardhi hapa kama raia. Wakenya walishalimaliza hilo kwa katiba ya 2010. Sisi, mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi kuingiza Hadhi Maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nje, na familia inayohama inafaa ikae na mwanasheria ijue hadhi hiyo inampa nini anayehama na haimpi nini, kabla ya kumwaga zege.

Na yapo mategemeo. Ndege ikishapaa, simu zinaanza kumfuata: ada ya mdogo, bati la mjomba, matibabu. Wanaodai wanaona pauni, hawaoni kodi ya nyumba ya kule wala deni la viza. Nashauri kamati, kwa kauli ya mwenyekiti na mbele ya pande zote mbili, itangaze kwamba kwa mwaka wa kwanza maharusi hawaombwi kitu, isipokuwa yale yaliyokubaliwa kikaoni na kuandikwa. Kijana hawezi kumwambia mjomba wake hapana. Kamati inaweza.

Kamati niliyomo hivi sasa ni ya mpwa wangu anayeolewa na kijana aliyeko Leeds. Tumepunguza wageni, tumefuta matarumbeta, keki itakuwa moja ya kawaida, na fungu la safari ndilo la kwanza kwenye bajeti, juu ya ukumbi. Mama mkubwa hakukubali binti aondoke bila sufuria hata moja, tukampa nafasi ya sufuria moja na mwiko. Anayefuatilia ahadi ameongezewa miezi sita ya kazi, na amekubali. Mkutano wa kuvunja kamati haukuwekewa tarehe. Lililotushinda mpaka sasa ni la mama wa bibi harusi, mgonjwa wa kisukari, ambaye binti huyu ndiye humpeleka kliniki kila mwezi na kumsomea maelekezo ya dawa. Kaka wawili wa binti wameangaliana, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme. Nimeliandika kuwa ajenda namba moja ya kikao cha Jumapili, kabla ya mapambo, na wote wawili nimewapigia simu kuwaambia hatutahamia ajenda namba mbili kabla hawajatupa jibu.